Nyumba Mbili, Mlango Mmoja

Mara ya kwanza nilikwama kwenye jina.
Niliandika Edelmira Cárcamo, kama nilivyobatizwa,
nikajibiwa kwa wino mwekundu:
jina lina herufi isiyokubalika.
Nikaivua ile alama ndogo juu ya a
kama mtu avuavyo kofia langoni pa wakubwa.
Carcamo akapita, kichwa wazi.

Mara ya pili, picha tisa.
Chagua zote zenye taa za barabarani.
Mimi mtu wa Achao, kisiwani Quinchao,
mtaa ambao anayesimamisha magari ni kondoo.
Nilikisia. Nikakosa. Nikaletewa madaraja,
kisha pikipiki, kisha ngazi,
mpaka mashine ikaridhika kwamba mimi si mashine,
wakati mimi mwenyewe nimeanza kushuku.

Kisha: Tumekutumia barua pepe. Bofya kiungo.
Nikangoja. Nikasokota sufu ya blanketi nusu.
Nikachungulia hata kwenye barua taka:
tangazo la viatu, tangazo la meno,
na salamu za Krismasi za mpwa wangu Yasna,
za mwaka juzi, hazijafunguliwa.
Nilimjibu palepale, kwa aibu.
Barua ya seva ilifika alfajiri.
Kiungo kilikuwa kimeisha muda usiku wa manane.

Sikuwa nataka makuu.
Ukurasa mmoja tu wa wafumaji kumi na wanne,
picha za blanketi, namba ya simu.
Wageni hutuuliza, mna tovuti?
Tukisema hatuna, huyarudisha mablanketi mezani
polepole, kama vile yameanza kunuka.

Mara ya nne:
Akaunti tayari imefunguliwa kutoka mtandao huu.
Kila mtumiaji ni moja tu. Ukirudia, utafungiwa.

Nilisoma mara tatu. Mimi, tapeli,
nikiwa na sindano mdomoni.

Yasna akauliza kwa simu kutoka Punta Arenas:
Shangazi, antena unagawana na nani?

Na Evaristo.
Tuliiweka pamoja, zamani, kabla hajausogeza uzio
shubiri mbili ndani ya matuta yangu ya viazi.
Miaka sita hatujaamkiana.
Lakini kule seva iliko, sijui nchi gani,
mimi na Evaristo Mansilla tunatoka mlango mmoja,
na uzio haupo.

Nilikwenda na mvua yangu begani.
Alifungua akiwa na soksi moja.
Nikasema: Evaristo, una tovuti?
Akawa mwekundu kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Anayo. Ya kutengeneza akodiani.
Miaka minne imeandika neno lilelile:
Karibu, ukurasa huu unatayarishwa.
Alipakia faili, akapakia tena, haikuonekana,
akadhani amefanya dhambi fulani, akaacha.
Nikaitazama. Index, kwa herufi kubwa.
Andika i ndogo, nikamwambia,
mimi niliyekariri maelekezo yote
bila kuruhusiwa kuyatumia hata moja.
Akaandika. Akodiani tatu zikatokea,
moja imekosa vitufe.
Hakusema asante. Alikwenda kuweka birika.

Tuliwaandikia wahudumu wa seva pamoja,
yeye akitamka, mimi nikirekebisha:
Sisi ni watu wawili. Nyumba ni mbili.
Katikati kuna uzio. Ushahidi umeambatishwa.

Tukatoka kuupiga picha, yeye kashika simu,
mimi nimesimama upande wangu, penye viazi.
Alitazama kioo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Inaonekana umeingia kwako, akasema.
Kidogo.

Shika simu vizuri, nikamwambia, inatikisika.

Leo ni siku ya nane.
Seva haijajibu.