Nililipia Machungwa

Nilikwenda Muheza na noti nne mfukoni,
nikarudi na mche ndani ya kifuko cheusi,
nimeupakata njia nzima kama mtoto aliyetoka jandoni.
"Mchungwa wa kubebesha," aliniapia kijana wa kina Mntambo,
akanionyesha fundo kwa ukucha:
"Hapa chini ni mlimau. Hapa juu ndiyo chungwa lako.
Wa chini anabeba, wa juu anazaa."
Nikalipa bila kuomba anipunguzie.

Niliupanda uani, Makorora,
kati ya bafu na kamba ya nguo,
pale yanapomwagwa maji ya kuoshea mchele.
Nikawatangazia majirani, ndio ulimi wangu huo:
mwaka wa tatu, kila nyumba kikapu!
Mwanakheri alikuwa anachambua uono.
Hakuinua kichwa.

Kisha mbuzi wa Bi Mashavu akasukuma makuti.
Alikula urefu wa vidole vinne tu,
vinne,
kuanzia kwenye fundo kwenda juu.

Nilifunga kitambaa. Nikamwagilia alfajiri, kwa siri,
kama anayemlisha mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa.
Siku ya kumi na moja ukachipua.
Njooni muone, nikaita, chungwa langu limefufuka!
Wala sikutazama lilikochipukia.

Mwaka wa kwanza, miiba.
Nikasema mti mzuri hujilinda.
Mwaka wa pili Mwanakheri alifikicha jani,
akalinusa, akanisogezea puani.
Nikasema nina mafua.
Mwaka wa nne likaanguka la kwanza:
njano, lina chunusi, lina chuchu.
Nililimenya mbele ya shemeji zangu,
nikalila lote, pande kwa pande,
machozi yakinitoka,
nikasema, bado kukomaa.

Ijumaa ile nilinoa panga.
Mwanakheri akasimama kati yangu na shina,
ungo mkononi, unga hadi viwikoni.
"Huyu alibebeshwa mtoto wa mwenzake," akasema.
"Mtoto kaliwa. Ulitaka na yeye afe?"

Aliyesema hivyo ndiye aliyewalea Saumu na Kibwana,
na hakuwazaa.
Panga likarudi juu ya kabati.

Siku hizi, magharibi ikikaribia, watoto hubisha hodi:
Bi Mwanakheri, mama anaomba limau la pweza.
Bi Mwanakheri, la mafua. La samaki. La bibi, anasikia kichefuchefu.
Jina langu halitajwi.
Chupa za achari zimejipanga juu ya ukuta wa bafu
zikiota jua kama wastaafu.

Nami nikienda kuoga
hupitisha kidole gumba kwenye fundo.
Kovu lipo. Limenenepa.

Machungwa nanunua sokoni Mgandini.
Nayala hukohuko, nimesimama,
kisha nanawa mikono mara mbili kabla ya kurudi nyumbani.
Mke wangu hata hajali.
Sitaki mti uninuse.