Jiwe la Jericho

Siku ya kwanza ulimuuliza kila mmoja anakotoka.
Nikasema: Jericho, mwalimu, karibu na soko.
Ulivua miwani, ukacheka hadi ukakohoa.
"Na kuta, bado zimesimama?"
Zimesimama, nikajibu, ila rangi imebanduka
na maji hayafiki bombani tangu Jumanne.
Uliandika hilo. Naapa, uliliandika daftarini:
tarehe, jina langu, Jumanne.

Profesa Rahel Lindauer, binti wa mkimbizi
aliyelima pareto kule Molo kwa viatu vya wakili,
hukutuanzisha kwa machozi. Ulitupa karatasi:
orodha ya abiria, bei ya mkate,
barua ya mwenye nyumba akidai kodi
kwa familia iliyokwisha kuchukuliwa usiku.
"Nani kaandika? Kwa ajili ya nani? Nani hakuulizwa?"

Nthenge alipouliza, haya yanatuhusu nini sisi,
ulikaa kimya mpaka tukasikia honi za Uhuru Highway.
Kisha: "Kamuulize babu yako habari za kipande."
Wiki ya pili akaja nacho, kimefungwa kwenye leso,
kijisanduku cha bati na kamba yake ya shingoni.
Hukukigusa.
Ulitoka kwanza, ukaenda kunawa mikono.

Ulipoandika Kiebrania ubaoni, mkono ulianza kulia.
"Hata tenzi za Lamu zilianzia huko," ulisema,
ukaweka nafsi kando ya nefeshi, kaburi kando ya keveri.
"Hawa ni ndugu. Hawatembeleani tu."
Leo nasi tumeanza kulia, mwalimu,
na hatujui mstari huu unaishia wapi.

Zilihitajika sauti kumi za kukusalia.
Tulihesabu tisa getini, jua likipanda;
wa kumi akaja mbio kutoka Westlands, tai mkononi.
Nthenge, mvi tele sasa, alikuwa na waridi la City Market,
akalificha mgongoni aliposikia kwenu hawaweki maua.
Mchimba kaburi akalipokea, akalichomeka kofiani.

Mimi nimekuletea jiwe.
Ni la ukuta wa ua wetu, lina chokaa upande mmoja.
Umeanguka, mwalimu. Si kwa tarumbeta:
kwa tingatinga, Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi,
na Mama Adhiambo wa nyumba ya tatu hakuulizwa.

Nimeandika.