Robo ya Skrubu

Kitundu, umekuja tena na lile lile:
"Mbeleje, niongezee nguvu. Sekenke inanidhalilisha.
Juzi nimepitwa na basi, nikapitwa na guta,
guta, nakuapia, la kusukuma kwa mikono."

Fuso yako imesimama mbele ya gereji, hapa Kizota,
matairi yamejitanua chini ya mahindi ya Kibaigwa,
lumbesa, kila gunia limevaa kofia,
na utingo wako kalala juu yake kama gunia jingine.

Unajua ilipo ile skrubu. Madereva wote mnajua.
Ubavuni mwa pampu, ndogo kama kidole cha mtoto,
imefungwa kwa waya na lakiri ya risasi
kama stoo ya mama mkwe.
Ukiigeuza, dizeli inaingia zaidi
na gari linaruka kama mbuzi aliyelamba chumvi.
Hilo mnalijua.

Bibi yangu kule Mvumi alipikia mafiga matatu.
Tukiwa na njaa tulijaza kuni hadi chungu kiinuke,
naye alitupiga vidoleni:
"Mmeuziba moto pua."

Piga resi, nikasema. Ukakanyaga.
Ekzosi ikatema wingu jeusi
likatua juu ya shuka za mama Ndahani,
akatutukana kwa Kigogo hadi kizazi cha tatu.
Mimi nililisoma wingu lile kama barua:
*nalishwa nisichoweza kutafuna.*

Nikafungua filta ya hewa. Ungeona aibu.
Vumbi la Manyoni, jekundu; juu yake la Bahi, la kijivu;
bawa la panzi, unyoya wa sijui ndege gani.
Safari zako zote zimo humo, tabaka kwa tabaka,
na injini ilikuwa ikivuta pumzi kupitia humo
kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi usoni.
Mtu anakabwa, nawe unadai aongezewe ugali?

Filta mpya. Ulilalamika bei, ukalipa.
Kisha, kwa kuwa nakujua,
kwa kuwa ungesimama njiani kwa kijana
mwenye bisibisi na asiye na hofu,
nikakata waya.

Si nusu mzunguko. Robo. Hata robo haikutimia.
Fundi Lechipya alinifundisha kusikiliza kwa kiganja,
yeye aliyeuawa sikio moja na injini
na la pili akaliziba kwa hiari yake.
"Nguvu haizaliwi hapa, binti," alisema. "Hapa inakopwa.
Inakopwa kwa pistoni.
Na pistoni siku ya kudai haibishi hodi.
Inatoboka."

Ukapiga resi tena.
Moshi wa majivu baridi, mwembamba, halafu hakuna,
hewa tu ikitetemeka juu ya bomba.
Mama Ndahani akachungulia, hakutukana.
Utingo akaamka, akauliza kama tumefika.

Nikafunga waya mpya. Nikakuambia:
ukiona weusi kwenye kioo, shusha gia,
mwache mwenye guta apite.
Mshale wa joto ukivuka katikati, simama, hata kama ni gizani.
Ukasema ndiyo, ndiyo, kwa haraka ya mtu asiyesikia.
Tukakubaliana: ukifika juu, nibipu mara moja.
Ukikwama, mara mbili.

Sasa ni saa nane usiku.
Upepo unachezea mabati, bati moja halina msumari.
Mikono yangu inanuka dizeli
baada ya sabuni ya unga, baada ya mchanga, baada ya limau.

Simu imelia mara moja, ikanyamaza.

Nimeiweka kifuani, nahesabu.
Hatukupatana, Kitundu,
mtu angoje muda gani
kati ya mlio wa kwanza na wa pili.