Mtahini wa Maua

Baton Rouge, Louisiana

Ndiyo, mimi ndiye niliyemwangusha Bui Thi Nhan.
Mara tatu.
Ya kwanza kwa waya,
ya pili kwa waya,
ya tatu sikumbuki,
ila karatasi inasema: waya.

Hapa kwetu kuuza shada bila leseni lilikuwa kosa.
Tulikutana ukumbini, meza ishirini,
ndoo ishirini za waridi na gladiola,
kila mtu na kisu chake, namba kifuani,
na sisi watahini, wenye maduka sote,
tukipita kati yao mikono nyuma
kama wanunuzi wa ng'ombe.

Kanuni nilizigeuza kijishairi, nisizisahau:

    Waya wote ufichike,
    na mashina yapimike,
    sifongo isifichuke,
    kwa muda wa saa nne.

Na mimi nani alinitahini? Mjomba Narcisse.
Mwaka ule tulifaulu sita, watatu wa ukoo mmoja.
Mwamba ngoma huvutia kwake;
sisi hatukuivuta tu, tuliikalia.

Tulisema ni kwa usalama wa umma.
Waya wenye kutu ungeweza kumchoma bibi harusi kidole:
tulilitamka hilo mbele ya wabunge, tumevaa suti,
na hakuna aliyecheka.
Daktari wa meno, naelewa.
Fundi wa lifti, nakubali, lifti naipanda.
Lakini nina miaka sabini na mmoja
na sijasikia maiti ya waridi.

Nhan alikuja kwa basi la alfajiri.
Kucha kazikata hadi nyama,
ada ya mtihani ndani ya mfuko wa nailoni,
noti za dola tano tano.
Hakuyabana maua. Aliyaacha yaegemeane
kama watu waliochoka baada ya harusi,
na waya mmoja mwembamba akauacha wazi
chini ya yungiyungi lililovunjika shingo.
Mbona hukuuficha? nikamuuliza.
Akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu:
"Limevunjika. Nidanganye kwa nini?"

Nikaandika sifuri.
Niliiandika vizuri, duara kamili.

Machi, Odile wangu akafariki.
Miaka arobaini nimefunga mashada ya wafu wa watu,
la kwake mikono ikakataa.
Nikampigia simu Fontenot,
ambaye leseni yake imo kwenye fremu ya dhahabu
na saini iliyo chini yake ni yangu.

Maua yakaja.
Padri alikuwa akisema anayosema padri,
na macho yangu, yasiyo na adabu, yakaingia kazini:
mashina, sawa,
sifongo, haionekani,
utepe, sawa.
Kisha upande ule ulipolala uso wake,
yungiyungi, shingo imevunjika,
na waya, wazi,
uking'aa kwa mwanga wa mshumaa.

Fontenot hawezi hayo. Fontenot hupanga maua
kama mtu anayepanga viti.
Nikajua kuna chumba cha nyuma,
mlango usio na kibao,
na mtu anayelipwa kwa saa
ambaye risiti haimtaji.

Niliugusa. Haukunichoma.

Nilidhani ningejiuzulu. Sijajiuzulu;
duka lina mkopo, na kiti cha bodi
kina namna yake ya kumzoea mtu.
Juni tunatahini tena.
Boudreaux kapekua fomu, kasema,
"Yule mama wa waya huyoo, mara ya nne,"
na meza nzima ikacheka, nami, Mungu anisamehe,
mdomo wangu ulishaanza.

Fomu ninayo hapa.
Jina. Anwani. Tarehe ya kuzaliwa.
Kwenye nafasi ya *kazi unayofanya kwa sasa*
ameandika, kwa herufi ndogo zilizosimama wima:
sina.