Fomu ya Kupandishwa Cheo

Saa nne usiku, Tunguu. Jengo zima limebaki na mimi
na feni inayojikokota kama mtu anayedaiwa.
Kesho mwisho wa kuwasilisha.
Makala zilizochapishwa: tisa.
Zilizonukuliwa na wengine: mara kumi na nne,
na katika hao wengine, sita ni mimi.

Kisanduku cha saba kinataka mafanikio makuu,
herufi mia tatu, usizidishe.
Nimeandika: Mbinu mpya ya kubaini kasoro katika programu za mizani.
Ni kweli. Imekaa vizuri kwenye mstari,
imevaa kanzu, imepigwa pasi.

Haisemi tulivyokaa sisi, wanaume wanne na kiyoyozi,
tukaandika majaribio elfu mbili mia moja na arubaini
kwa programu ya kupimia karafuu,
yakapita yote, skrini nzima kijani
kama bonde la mpunga baada ya masika,
tukaagiza chipsi.
Wala haisemi kuwa uzito tuliojaribia
ulikuwa kumi, ishirini, hamsini,
kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi
kujitwika gunia.

Mize Faki Shaame, mwaka wa pili wa uzamili,
hakubishana nasi. Alipanda meli ya Mkoani
kwa nauli ya kukopa,
akakaa wiki tatu kituoni Mtambwe, ubavuni mwa mizani,
na daftari la mraba la kitoto,
vidole vimeshika harufu ya makonyo.
Akaandika alichokisoma kwenye mizani,
akaandika kilichotoka kwenye risiti.
Arubaini na saba nukta nane sita.
Arubaini na saba nukta nane.
Thelathini na moja nukta tisa tisa.
Thelathini na moja nukta tisa.
Gramu sitini, gramu tisini. Vumbi, tulimwambia.
Akazidisha vumbi kwa magunia ya msimu,
akaniletea jumla kwa penseli, akasema:
"Maalim, karafuu haziji kwa nambari nzima."

Kasoro yenyewe ilikuwa mstari mmoja.
Niliurekebisha mimi, dakika mbili,
na labda ndiyo maana jina langu lilitangulia.
Likafuata la mkuu wa idara, aliyetusainia karatasi ya mafuta.
La Mize likafunga mlango.
Pesa ya safari ilitosha mtu mmoja.
Huko kwenye baridi nilipigiwa makofi
ndani ya koti la shemeji,
nikaonyesha ukurasa wa daftari, nikauita data za uwandani.
Mwandiko wake ukutani ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Sasa anasomesha hesabu skuli moja huko Konde.
Nafasi ya uzamivu ameiomba mara mbili.
Barua ya kumpendekeza nilimwandikia ya kwanza.
Ya pili nilichelewa.

Kisanduku cha kumi na moja:
Asilimia ya mchango wako binafsi katika kazi iliyotajwa.
Nimeandika themanini. Nimefuta.
Sitini. Nimefuta.
Mwishowe nimegawa sawa kwa majina matatu,
pamoja na lile la mafuta:
33.3.
Nimebonyeza hifadhi.
33.

Nimerudia. 33.

Nimecheka peke yangu hadi mlinzi akaja kumulika dirisha.
Nimeipiga picha skrini, nimeirusha Konde
bila hata salamu,
saa tano kasorobo, kwa mtu mwenye mtoto mchanga
na vipindi vya asubuhi.

Alama mbili za buluu.
Anaandika.
Ameacha.
Anaandika.

"Maalim, inakata au inapandisha?
Jaribu 33.9."

Nimejaribu.

Inakata.