Teke la Tano

Hakimu alisoma umri kwanza:
miaka kumi na sita na miezi miwili.
Kosa akalisoma baadaye, kwa haraka kidogo,
kama mtu arukaye dimbwi asichafue viatu.
Nilihesabu mateke pamoja naye.
Manne.
La tano, alisema, halikuthibitika.

La tano ndilo lililochukua harufu ya mkate.

Mume wangu ni mwokaji. Miaka thelathini na minane
ameamka saa nane za usiku, akavaa gizani
nisije nikashtuka;
nami nimeshtuka kila usiku, nikajifanya nimelala.
Ndiyo ndoa yetu hiyo.
Veikko hakuwa mtu wa kutazama saa. Pua ilimwambia:
chachu imeumuka, ganda limeshika, toa.
Sasa anasimama mbele ya tanuri
kama kiziwi mbele ya kinanda,
na mkate mweusi unaungua macho yake yakiuona,
mpaka Pinja wa kaunta aje mbio na kitambaa.

Wakili alileta mchoro. Ubongo wa kijana, alisema,
haukomai mpaka miaka ishirini na mitano.
Sikubisha. Wa Veikko ulikuwa umekomaa siku nyingi,
Eelis akauongezea buti.

Miezi saba ya kifungo kisichotumikiwa,
kifungo kilichotundikwa msumarini
kama koti la mgeni asiyekuja.
Na saa arobaini za kazi ya mji.
Na fidia, kidogo kidogo, kila mwezi.
Jino la pembe si dawa ya pengo;
pua ya pesa je, inanusa?

Kwenye ujia mama yake alinishika mkono.
Kiganja kimepauka kwa sabuni kali:
hupiga deki hospitalini, zamu ya usiku.
Saa nane ile na yeye alikuwa macho,
anasukuma ndoo ghorofa ya tatu,
hajui ni nani anayepandishwa kwa lifti.
Mchelea mwana kulia, hulia yeye.
Huyu alikuwa ameshalia mpaka pua nyekundu.
Sasa zamu ya nani?
Nilirudisha mkono wangu mfukoni.

Februari nikamkuta mbele ya maktaba
anachota theluji, glavu moja tu, ya kushoto.
Nilitaka ateleze. Nalisema hivyo bila kujipamba.
Nilitaka asikie kisogo chake kikigonga jiwe,
kisha asubuhi ifuate isiyo na harufu,
wala ya kahawa, wala ya mama yake.
Akainua uso. Hakunijua.
Siku nzima mahakamani nilimkalia mbele, hakunijua.
Akajibana ukutani na koleo lake, akasema,
"Pita hapa, mama, hapatelezi."

Na kweli hapakuteleza.
Alikuwa amekwangua mpaka kwenye tofali,
amemwaga changarawe, kazi safi,
kazi ambayo Veikko angeisifu.

Sijui jela ingemfunza nini,
pengine namna ya kupiga
pasithibitike hata teke moja.
Wala sijui huruma hii imemfunza nini.
Huenda ni kukwangua theluji tu.
Walioipima wamekwenda nyumbani,
na mizani wamezima taa wakaiacha.

Nilirudi. Veikko alikuwa ameushika mkate,
ameuinua mpaka usoni, amefumba macho,
ananusa,
kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.
"Vipi huko mjini?"
"Wamesafisha njia," nikasema.
Jina sikulitaja.
Akaninyoshea mkate. "Umeiva?"
Chini ulikuwa umeungua, upana wa kidole gumba.
Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua.