Foleni ya Macho, Chake Chake

Namba yangu thelathini na nne.
Benchi la mbao, ukuta wa rangi ya maziwa,
na pale ilipokuwa kalenda ya mwaka juzi
pametundikwa picha isiyo na mtu wala mti:
mistari tu, myeusi kwa myeupe,
imesimama wima kama watu wa mahakamani.

Nikaitazama. Ikapumua.
Wallahi ikapumua: katikati ikavimba
kama unga uliokolea hamira,
ikazama, kisha pembeni ikaanza kutambaa.

Nikasema kimoyomoyo, basi, yamekwisha.
Miaka ishirini na saba natoboa viua vya kofia,
leo macho yananidai kodi.
Nikafumba la kulia. Inacheza.
Nikafumba la kushoto. Inacheza.

Bwana Shaame, thelathini na tatu,
aliyetoka na ukungu wake tangu Kangagani,
akaniinamia: "Na wewe unaiona inavyokwenda?
Nami nikidhani ni mimi peke yangu."
Tukacheka kama wezi wawili
waliokutana kwenye karafuu za mtu.

Nesi Zuwena akapita na mafaili:
"Hapo macho yenu hayana kosa.
Aliyeichora alikusudia."

Alikusudia!
Nikainuka, nikatia kidole juu ya mstari mmoja,
nikaufuata toka juu hata chini.
Unanenepa, unakonda, lakini umenyooka kama fito.
Kidole kinaapa: umetulia.
Jicho linaapa: unakimbia.
Mashahidi wawili, wote wangu, wote wakweli;
kadhi gani atakata kesi hii?

Wakaita thelathini na nne.
Nikampisha thelathini na tano.
Wakaita tena.
Nikampisha mtoto wa watu mwenye jicho jekundu.

Nyumbani nikakata kitambaa cheupe.
Sikushona jani, sikushona nyota:
mistari tu, minene ikikonda kuelekea juu,
na kwa kisogoni nikaibana zaidi.
Miezi miwili. Bwana Mbarouk akainunua,
hata kupunguziwa hakuomba.

Ijumaa ya tatu kairudisha, kaifunga gazetini.
"Kofia nzuri, Bi Raya, sikatai.
Ila wanaosali nyuma yangu
wanapoteza hesabu ya rakaa."

Nimempa pesa zake.
Kofia nimeitundika ukutani, chini ya saa.
Mume wangu akipita huinamisha uso,
ati inamtia kizunguzungu.

Jana alfajiri nimemkuta mbele yake,
birika mkononi linapoa,
kafumba jicho moja.